Wabunge wetu wa Afrika Mashariki tunawapataje?

Mkaazi wa Wete:
Assalaam alaykum. Hivi hawa wabunge 9 wa Tanzania kule Arusha wanapatikana vipi, maana sisi hatuwapigii kura, na mie nataka mtu anaejua shida zetu, mamaangu analima mwani, vidole vimepasuka kwa chumvi na bei anapangiwa tu, nani atamsemea huko jamani?

Mwana wa Paje:
Waalaykum salaam. Wanachaguliwa na Bunge la Muungano kule Dodoma, miaka 5, na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka wasiwe wabunge wa humo humo. Kwa hiyo muandame mbunge wako wa jimbo, yeye ndo mwenye kura.

Bi Mkubwa:
Mie naona mgombea aulizwe kazi, sio Kiingereza tu. Sheria ya kule Arusha kwa mambo ya Jumuiya inaipiku ya nchi, wallahi si jambo dogo hilo! Awe anasoma miswada, anahudhuria vikao, na akirudi aje mpaka Micheweni akae mkekani atwambie kafanya nini.

Mkaazi wa Wete:
Ahsanteni sana. Mbunge wetu husali Ijumaa hapa karibu, ntamsubiri mlangoni.