Bandeji za nano za fedha kwa kidonda cha papa, ninunue?

LekiWaKatuba: Bandugu, jambo yenu. Papa, baba yangu, ana kidonda mguuni, kimekataa kupona. Hapa Lubumbashi, komini Kenya, kuna mtu anauza bandeji zenye chembe ndogo sana za madini ya fedha, zinapitia mpaka wa Kasumbalesa. Dola 30 moja. Zinafanya kazi kweli? Silali.

MamaMikate: Mimi mafuta ya mikate yaliniunguza mkono mzima, nikapaka asali. Kovu halionekani! Dola 30 ni unga wa bukari, mwanangu.

Shaba243: Tumekalia shaba, tunaagiza fedha ya kufunga mguu 😂

MgangaWaZamu: Zipo, si uongo. Fedha ikilowa hutoa ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zinazoua bakteria, na chembe za nanometa huzitoa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Zilianza na majeraha ya moto, miaka ya 1990. Zile za kulowesha kwanza, tumia maji yaliyotakaswa, si serumu ya chumvi: kloridi ya ile chumvi hunasa fedha. Sasa, papa ana sukari?

LekiWaKatuba: Vidonge anakunywa.

MgangaWaZamu: Ana sukari?

LekiWaKatuba: Ndiyo, yaya. Ni kidole gumba. Ncha imekuwa nyeusi. Lakini hakimuumi!

MgangaWaZamu: Hapo ndipo pabaya, neva zimekufa ganzi. Nyama iliyokufa haifufuliwi na bandeji. Hata mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari hauzishauri za fedha kwa kuponya vidonda hivyo. Lopitali leo, wapime kama damu inafika mguuni.

LekiWaKatuba: Watakata tu. Jirani walianza na kidole, wakaja kumaliza mguu. Halafu avansi nimeshatoa, dola 60, hairudi.

PapaDiakoni: Vijana mnaamua juu ya mguu wa mzee bila kumuuliza mwenyewe. Aibu.

Shaba243: Ngojeni kwanza. Akaunti ya leo, bei katoa, komini katoa, hata njia ya mzigo katoa. Huyu ndiye muuzaji!

MamaMikate: Kumbe! Na mimi nimemwonea huruma.

LekiWaKatuba: Muuzaji gani anakutajia kidole cheusi? Njoo kwetu unuse soksi anazoficha chini ya godoro, kisha uniite mwongo.

MgangaWaZamu: Awe nani awe nani, kidole cheusi na harufu ni lopitali. Beba na vidonge vyake.

BijouLushi: Samahani, namba ya huyo wa Kenya iko? Mama mkwe kamwagikiwa maji ya moto.

MgangaWaZamu: Lini? Kama ni sasa hivi, mguu chini ya bomba dakika 20, uache simu.

BijouLushi: Ni tumbo.