Nimepokonywa maiki mbele ya wakwe, nikaambiwa magari ya Makumbusho yapo hapo nje!!

MjumbeMstaafu:
Wakuu salaam, na wasio wakuu pia. Naandika mkono unatetemeka. Si presha, ni hasira. Nimerudi kutoka ukumbini sasa hivi, sijala, koti sijavua. Mama watoto kaniambia nilale, nimemjibu leo humu ndani halali mtu.

Mnamjua. Simtaji. Yule dada mtia nia, wa vitenge vyenye mabega kama mabawa ya ndege na gari la kuazima, anayefika msibani kabla ya marehemu. Ndiye huyohuyo.

Leo ilikuwa sendofu ya binti wa mdogo wangu. Mimi ndiye baba mkubwa, ukoo umenipa kazi moja tu, nasaha. Nimejiandaa wiki mbili. Nina nukta saba kwenye karatasi, nimepiga kaunda suti, nimenyoa hadi masikio. Nimefika nukta ya tatu. Ya TATU. Nasikia harufu ya manukato, nageuka, maiki hakuna. Nawaambia hakuna! Vidole vimebaki vimekunja hewa kama mtu anayekunywa chai bila kikombe. Hakuniamkia. Shikamoo yenyewe aliiacha garini. Akasema, "Baba asante, tumekusikia, hizo habari peleka Makumbusho." Na yule MC, mtoto ambaye nauli ya bodaboda nimemlipia mimi, akageuza makumbusho kuwa kile kituo cha daladala cha Dar, akadakia: "Magari ya Makumbusho yapo hapo nje mzee, nauli tutakuchangia!"

Ukumbi ukalipuka. DJ akaachia singeli. Wakwe wakacheka. WAKWE! Watu walioleta mahari nusu, nusu nyingine wanasema ipo njiani, wananicheka mimi!

Halafu mtu huyu anataka kura. Mimi nimeanza kupiga kura 1980. Mgombea ubunge alikuwa jembe au nyumba, basi. Wawili, chama kimoja, mkutano mmoja, benchi moja. Jembe anaongea, nyumba anasubiri zamu yake. Hakuna siku hata moja jembe alimpokonya nyumba maiki. Siku hizi mgombea anaingia kwenye sendofu ya watu na mpiga picha, na droni juu inatupulizia vumbi kwenye ubwabwa.

Adabu ya nchi hii ilikuwepo, niliiona. Januari 1969 vijana wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, walipoanza Operesheni Vijana, vimini marufuku, mawigi marufuku. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka dada yangu alificha wigi lake kwenye debe la mchele, mama akapiga kelele akidhani panya kafia humo. Hata mkosaji alikuwa na adabu ya kujificha! Leo wigi halijifichi, wigi ndilo linanipokonya maiki.

Bungeni walijaribu kidogo. Juni 2021 mbunge mwanamke alitolewa nje kwa sababu ya suruali, watu wakalia na haki za wanawake wiki nzima. Mimi nikaandika humuhumu, kwa herufi kubwa: LEO SURUALI, KESHO MAIKI. Mkanicheka. Haya, kesho ndiyo hii.

Nukta ya tatu kati ya saba, wakuu. Ya tano ndiyo ilikuwa tamu, ina methali mbili na kichekesho.

Niambieni kama hii ni sawa. Na anayeona ni sawa asijibu.

Kiazi Kitamu:
Nimekaa paleee na karanga zangu. Ngoja waje.

Dogo wa Chanika:
Pole mzee wangu. Ila stika yako ya kushika hewa imeshafika kijiweni. Tunaitumia abiria akisema atalipa kesho.

Meza ya Nne:
Mleta mada amekata kipande. Mimi nilikuwepo. Nukta ya kwanza pekee ilikula dakika 19, nilipima kwa sababu ubwabwa ulikuwa unapoa mbele yangu. Hiyo ya tatu anayoililia hajawaambia ilikuwa inahusu nini. Alisema viti maalumu, vile walivyotengewa wanawake, ni kama kupishwa kiti kwenye daladala, na abiria aliyepishwa kwa huruma asimwelekeze dereva njia. Akasema hivyo huku anamwangalia yule dada usoni. Dada mwenyewe anatia nia udiwani wa viti maalumu! Mlitaka apige vigelegele?

MjumbeMstaafu:
Ule ulikuwa mfano. Mtu hapokonywi maiki kwa sababu ya mfano.

Dogo wa Chanika:
Kwenye nasaha za bibi harusi, daladala imeingiaje?

MjumbeMstaafu:
Nilikuwa naelekea kwenye utii. Ningefika kama NINGEACHIWA MAIKI.

Mama Wawili:
Mimi ni mwanamke na kwenye hilo la daladala nipo na mzee, mnichape tu. Katiba inasema viti maalumu visipungue asilimia 30 ya wabunge, na Bunge la 2020 likapata 113. Haya, kati ya hao 113 nitajieni watatu waliofika sokoni kwetu kuuliza nyanya fungu bei gani. Mwanamke akipigania jimbo akashinda namheshimu hata kama simpendi. Ila mzee, wigi tuachie. Wewe kipara chako hakuna aliyekiundia operesheni.

Pwani Moja:
Wazee mmekuwa laini sana. Mwaka 1988 mwenyekiti wa UWT, umoja wa wanawake wa chama tawala, aligusa tu habari ya mitala, Zanzibar watu wakaingia barabarani. Nyie mnapokonywa maiki mnafungua uzi.

Kiazi Kitamu:
Na 1988 wale waliopigwa risasi unawakumbuka, au unakumbuka barabara tu? Acha mzee afungue uzi, uzi hauui mtu.

Mpwa Asiyejulikana:
Baba mkubwa shikamoo. Ile picha yako ya 1979 bado ipo ukutani kwa bibi. Bugaluu inafagia sakafu, viatu raizoni, afro imegusa fremu juu. Operesheni Vijana ingekurudia wewe wangekubeba na picha yenyewe.

MjumbeMstaafu:
Marahaba. Futa hii.

Dogo wa Chanika:
Tupia picha mpwa! Stika ya pili hiyo!

Jirani wa Namanga:
Sisi huku Kenya Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Bunge limepiga chenga miaka yote. Septemba 2020 Jaji Mkuu akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, na waheshimiwa wakaendelea kunywa chai kama kawaida. Mzee shukuru Mungu, wewe umepokonywa maiki pekee. Sisi tulipokonywa theluthi.

Pwani Moja:
Jirani, kila uzi lazima mlete Kenya? Hata wa sendofu?

Wakili wa Kijiweni:
Mimi nataka turudi nukta ya pili, maana kuna mtu kanisimulia. Mzee alimwambia binti kwamba nyumba ni jasho la mume, mke anakaribishwa. Mzee wangu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mali iliyochumwa kwa pamoja igawanywe, na Mahakama ya Rufani ilishamaliza kazi mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed. Kupika, kufua na kulea navyo ni mchango. Kwa hiyo hata nukta ya pili ulitakiwa upokonywe.

MjumbeMstaafu:
1983 nilikuwepo nchi hii hii, nina akili timamu, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Kiazi Kitamu:
Umesema mchango wakili? Ahsante, nilikuwa natafuta pa kuingilia. Mimi kwenye hiyohiyo sendofu nimechanga dabo, laki nzima. Nimewekwa nyuma ya spika, hadi sasa sikio la kulia linaimba singeli peke yake. Nimepewa paja la kuku saizi ya kidole gumba. Kamati iko wapi? Hapo ndipo penye uzi!

Meza ya Nne:
Afadhali wewe uliona kuku. Ile ndafu mliiangalia vizuri? Imeletwa kwa mbwembwe, wapishi wanacheza, majani mdomoni, kumbe mnyama mwenyewe kama sungura.

Dogo wa Chanika:
Sungura mwenye pembe 😂😂

Mpwa Asiyejulikana:
Nilikuwa upande wa jikoni. Mbuzi walinunuliwa wawili. Ukumbini ameingia mmoja. Sisemi zaidi, huyu ni ukoo wangu.

Mama Wawili:
Na mweka hazina kabadilisha simu wiki hiyohiyo. Nami sisemi zaidi.

MjumbeMstaafu:
Jamani, maiki. Turudi kwenye maiki. Nukta ya TATU.

Kiazi Kitamu:
Subiri kidogo mzee. Mweka hazina ni yupi, yule wa suti ya zambarau?

Mama Wawili:
Huyohuyo. Kadi yangu aliandika singo wakati nilituma ya dabo, muamala ninao. Mume wangu kazuiwa mlangoni na kijana wa miwani ya jua, saa mbili usiku.

Wakili wa Kijiweni:
Muamala utunze huo. Halafu kamati ikivunjwa daini mapato na matumizi kwa maandishi kabla bia hazijafunguliwa. Zikishafunguliwa hakuna kesi.

Mpwa Asiyejulikana:
Kuvunja kamati ni Jumapili hii. Nimesikia nyama choma ipo.

Meza ya Nne:
Nyama choma? Basi tumempata mbuzi wa pili.

MjumbeMstaafu:
Jumapili saa ngapi?

Mpwa Asiyejulikana:
Saa kumi jioni baba mkubwa. Kila mtu anakuja na kiti chake.