Mjadala: Mfungwa akitoroka, nani ana kosa kubwa zaidi, aliyefungua mlango au aliyeficha?

Wakuu, salaam kwenu.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu Aprili 2023, pale Thabo Bester, mfungwa mtoro wa Afrika Kusini, alipokamatwa Arusha. Kila likizungumzwa tunaishia palepale: askari wamekula hela, wafungwe, basi. Sipingi kwamba wapo wanaokula hela. Ila naona tunamkamia mdogo na kumwacha mkubwa aende zake. Msimamo wangu nauweka mezani mapema, anayetaka kuupinga asihangaike kuutafuta: mtumishi wa gereza anayeficha kwamba mfungwa ametoroka ana kosa kubwa kuliko yule aliyemtorosha, na sheria ingepaswa kumwadhibu hivyo.

Kwa wasiokijua kisa. Bester alikuwa anatumikia kifungo cha maisha Afrika Kusini kwa kuua, juu ya vifungo vya ubakaji na unyang'anyi. Wanawake alikuwa akiwanasa Facebook kwa ahadi za kazi ya uanamitindo. Walimweka gereza la Mangaung, nje ya Bloemfontein, gereza la wafungwa karibu 3,000 ambalo serikali iliipa kampuni ya G4S iliendeshe kwa mkataba. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2022 selo yake ikawaka moto. Asubuhi ukatolewa mwili ulioungua hautambuliki, ikasemwa Bester kajiua. Yameisha.

Hayakuwa yameisha. Uchunguzi wa maiti ulionyesha yule mtu alikufa kabla moto haujawashwa; koo lake halikuwa na dalili ya moshi. Vinasaba vikapimwa, havikulingana na vya mama yake Bester. Haya yote yalijulikana ndani ya ofisi za serikali mwaka uleule wa 2022. Gazeti la mtandaoni la GroundUp likaanza kuyaandika Novemba, likahoji: mbona maiti si yake? Wakubwa wakanyamaza. Mwisho wa Machi 2023 ndipo idara ya magereza ikakiri hadharani kwamba jamaa alitoroka.

Hesabuni wenyewe. Miezi kumi na zaidi, mtu aliyehukumiwa kwa kubaka na kuua alikuwa akiishi kwenye jumba la kifahari Johannesburg na kufanya manunuzi Sandton, huku raia wakiambiwa amekufa. Mwanamke aliyekutana naye dukani angejihadhari vipi na marehemu? Upande wa pili kulikuwa na familia ya Bloemfontein iliyokuwa ikimtafuta kijana wao tangu Aprili 2022. Mwili wake ndio ule uliokuwa selo ya Bester. Wamekuja kuambiwa karibu mwaka mzima baadaye. Mimi ni mzazi, na hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kusoma habari hizi kama habari tu.

Sasa angalieni kilichotokea baada ya kutangazwa. Picha zikasambaa kila simu, na baada ya wiki mbili hivi akakamatwa Arusha yeye na mwenzake, daktari, pamoja na raia mmoja wa Msumbiji. Tarehe 13 Aprili Bester na huyo daktari wakarudishwa Afrika Kusini. Miezi kumi ya kuficha haikumkamata, wiki mbili za kutangaza zikamkamata, tena nchi ya mbali kabisa na alikotoroka.

Wapo waliofikishwa mahakamani kwa kisa hicho, wakiwemo waliokuwa wafanyakazi palepale gerezani. Sitawahukumu mimi, mahakama ipo. Ninachouliza ni hiki: katika ile orodha ya washtakiwa, wako wapi waliojua mwaka 2022 kwamba maiti si yake na wakakaa kimya?

Wekeni kando yake kisa cha jirani zetu. Usiku wa kuamkia 15 Novemba 2021, wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka Kamiti, Nairobi. Mmoja alikuwa amefungwa miaka 41 kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la 2015, lile lililoua watu 148. Kamiti ni moja ya magereza ya ulinzi mkali kabisa nchini Kenya, kwa hiyo aibu ilikuwa kubwa. Lakini hawakuificha. Siku ileile polisi wakatoa majina na picha, kisha ikaahidiwa zawadi ya shilingi milioni 60 za Kenya kwa wote watatu. Tarehe 17 Rais Uhuru Kenyatta akamwondoa Kamishna Jenerali wa Magereza na kumweka brigedia mstaafu. Tarehe 18 wale watu wakakamatwa Kitui. Waliowatilia shaka si makachero wenye mitambo, ni wanakijiji walioona sura ngeni zimechoka, zinauliza njia. Wangejuaje kutilia shaka kama hawakuambiwa?

Kamiti pia askari walikamatwa na kupelekwa mahakamani, na maswali yaliulizwa kuhusu nani alikuwa zamu na nani alifumba macho. Ni sawa. Ila kosa la ndani halikugeuzwa kuwa uongo kwa nchi nzima. Tofauti ya siku tatu na miezi kumi na moja inatoka hapo.

Naomba niseme ninachokijua kwa karibu. Marehemu baba yangu alikuwa askari magereza, nami nimekulia kota. Gereza silitaji, wengine waliohusika bado wapo hai. Kila jioni kabla ya kufungia, wafungwa walichuchumaa uwanjani watano watano, askari akapita na fimbo fupi akihesabu kwa sauti, nyapara naye akihesabu nyuma yake. Namba ikaandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi pale getini: waliolala, waliotoka, waliopo hospitali, jumla. Ikikataa, hakuna anayetoka, hata kama zamu yake imeisha saa mbili zilizopita. Sisi watoto tulijua. Mama akiona giza limeingia na baba hajarudi alikuwa anafunika chakula na kusema, "Hesabu imekataa leo."

Mara nyingi ilikuwa ni mtu kahesabiwa mara mbili, au mgonjwa kasahaulika zahanati. Siku moja haikuwa hivyo. Baba alikuwa na gengi ya shamba, wafungwa kumi na wawili wanapalilia mahindi, mmoja akaomba kwenda kujisaidia kwenye vichaka na hakurudi. Baba akapiga filimbi papo hapo. Mwenzake akamshika mkono, akamwambia subiri, tumtafute kimyakimya, jioni tutasema alitoroka akiwa njiani na haitajulikana alikuwa wa nani. Baba hakusubiri. Habari zikafika kijijini, zikafika shuleni, mwalimu mkuu akatutoa darasani tukaambiwa mtu amevaa nguo za kifungwa, mkimwona msimkaribie, semeni. Saa kumi na moja jioni akakutwa kajibanza kwenye banda la tumbaku. Hakuna aliyeumizwa.

Mnajua baba alipata nini? Alishtakiwa kwa uzembe, akavuliwa utepe mmoja wa cheo. Mwenzake aliyesema tusubiri hakuguswa, maana mfungwa hakuwa wa upande wake. Baba alikaa na V moja begani miaka sita zaidi. Na pale kota kila askari kijana aliyeingia alisimuliwa kisa hicho kama funzo: ukimpoteza mtu, usipige filimbi haraka. Taasisi yenyewe iliwafundisha kuficha, kwa mikono yake.

Ndiyo maana hoja yangu ina pande mbili, na naomba msichukue upande mmoja mkaacha mwingine. Anayeficha aadhibiwe vikali kuliko wote, kuanzia askari hadi bwana jela hadi wizarani. Lakini aliyepoteza mfungwa kwa uzembe na akapiga filimbi papo hapo, asichinjwe. Aulizwe, aonywe, apelekwe mafunzo, akatwe mshahara ikibidi, ila asionekane mjinga mbele ya wenzake kwa kusema kweli.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshayasikia.

Shemeji yangu, aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi miaka mingi, ananiambia: "Ukiweka sheria hiyo, askari atauza funguo saa sita usiku, atampa mtu nafasi ya kuvuka ukuta, halafu saa sita na nusu apige filimbi na wewe umpunguzie." Ni hoja nzito na imenisumbua. Jibu langu ni kwamba nafuu ni ya mzembe tu. Aliyeuza ni mshiriki, na kwa huyo Kanuni ya Adhabu, yetu ya Tanzania na ya Kenya, tayari ina kifungo cha hadi miaka saba. Filimbi haimsafishi. Wapelelezi wafuatilie simu, fedha na nani alibadilishana zamu na nani. Nakiri wapo watakaopenya. Lakini nikilazimishwa kuchagua, heri mla rushwa mmoja apate adhabu ndogo na mfungwa akamatwe kesho, kuliko wote wafunge midomo na mfungwa aonekane dukani mwaka ujao.

Wengine husema kutangaza kunatia watu hofu. Hofu ipi? Kule Alabama, Marekani, tarehe 29 Aprili 2022, afisa wa cheo cha juu wa jela ya kaunti, Vicky White, alimtoa mfungwa aliyekuwa akisubiri kesi ya mauaji kwa kisingizio kwamba anampeleka mahakamani. Ilikuwa siku yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na alikuwa anaheshimika kazini kiasi kwamba sherifu wake mwanzoni alidhani katekwa. Wangeweza kuona aibu wakanyamaza. Walitangaza, na baada ya siku kumi mfungwa akakamatwa Indiana, kwa sababu msimamizi wa sehemu ya kuoshea magari alitazama kamera zake na kutoa taarifa juu ya gari walilolitumia. Mtu anayeosha magari! Raia wa kawaida akiambiwa ukweli anasaidia.

Halafu ipo ile ya mishahara midogo. Hii naiheshimu, maana nimekula huo mshahara. Nimevaa viatu vya kaka yangu mpaka vikaisha soli. Na bado sikubali kwamba umaskini ndio unaofungua milango ya gereza. Mara nyingi unaanza urafiki. Gereza la Dannemora, New York, mwaka 2015, wauaji wawili walikata njia yao hadi nje kwa misumeno iliyoingizwa ndani ya nyama ya kusaga iliyogandishwa. Nyama ile aliileta mama aliyekuwa msimamizi wa karakana ya ushonaji, ikapitishwa na askari aliyezoeana na mmoja wa wafungwa kwa kupewa michoro. Askari huyo alisema hakujua mna nini ndani ya nyama. Yawezekana kabisa. Alikuwa ameshapitisha vitu vidogo mara nyingi hadi hakuona sababu ya kuuliza. Leo ni sigara, kesho ni chaja ya simu, keshokutwa ni kifurushi usichokifungua. Mshahara uongezwe, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi, ila mazoea hayo hayaondoki kwa mshahara. Yanaondoka kwa kumhamishahamisha mtu wa kitengo kimoja asikae na wafungwa walewale miaka kumi, na kwa kumpekua kila anayeingia, mpaka mkubwa mwenyewe. Baba alikuwa akisema getini hakuna afande, wote ni mifuko.

Narudi Mangaung kidogo, kwa sababu kuna jambo la kampuni ambalo hatulizungumzi. Gereza likiendeshwa kwa mkataba, kila mfungwa anayetoroka ni doa kwenye mkataba, na aliyejiua si mtoro. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyofanya watu wakubali haraka habari ya kujiua. Nasema motisha ilikuwepo, na nchi yoyote inayofikiria kukabidhi magereza kwa kampuni iandike kwenye mkataba huo, kwa herufi nene, kwamba kuficha mtoro kunagharimu mkataba mzima, na kutoroka peke yake hakugharimu. Afrika Kusini walikuja kutangaza kuuvunja mkataba wa G4S, lakini baada ya dunia nzima kujua.

Pendekezo langu, ili tusiishie kulalamika. Mfungwa akitoroka, saa itakayoandikwa kwenye kitabu cha zamu iwe ushahidi. Saa ishirini na nne zisipite bila jina na picha yake kufika kwa wananchi, hata kama uchunguzi haujakamilika. Na maiti yoyote ya gerezani iliyoharibika sura isizikwe wala kuchomwa kabla ya vinasaba kupimwa na mtu wa nje ya idara, na majibu yapelekwe kwa familia kwanza kabla ya kwa mkuu wa gereza.

Uwanja ni wenu. Ningependa hasa kuwasikia mliowahi kushika zamu, Tanzania au popote: jioni ile hesabu ilipokataa, ulipiga filimbi kwanza au ulimpigia simu mkubwa wako? Na yeye alikuambiaje?