Tupeane uzoefu: katika filamu ya vichekesho uipendayo, wewe hucheka wapi?

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nimeifungua mada hii baada ya mjadala uliozuka barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, vikombe vya kahawa chungu vikiwa mkononi, pale mmoja wetu alipodai kwamba ukitaka kumjua mtu mwulize filamu ya vichekesho aipendayo. Mimi naona swali hilo halitoshi, kwa kuwa watu wawili wanaweza kuipenda filamu moja na kila mmoja akacheka mahali pake. Basi naomba mtutajie filamu na pia pale hasa kicheko kinapowatoka.

Naanza na marehemu baba yangu, aliyekuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Aliipenda filamu bubu ya Charlie Chaplin, The Gold Rush ya mwaka 1925, ambamo watu wawili waliokwama kibandani kwenye theluji wanachemsha kiatu na kukila. Sisi watoto tulicheka kiatu kilipopakuliwa. Mzee alikuwa akingoja. Yeye alicheka Chaplin alipozizungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, kisha akafyonza msumari mmoja mmoja kama afyonzaye mifupa ya kuku. Siku ambazo nyumbani hapakuwa na kitu ila muhogo wa kuchemsha, aliagiza mkeka utandikwe na sahani ziletwe vilevile, akanawa mikono, na hakuna aliyeruhusiwa kula amesimama. Nilichelewa mno kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mchangiaji wa Likoni:
Mimi huvuka feri kila siku kwenda kazini kisiwani, kwa hiyo Groundhog Day ya mwaka 1993 naiona kama inanisema. Bill Murray ni mtangazaji wa hali ya hewa anayeamka saa kumi na mbili asubuhi na kukuta kila siku ni tarehe 2 Februari ileile. Zamani nilicheka anapoitumia siku hiyo kuwalaghai watu, maana nami nilikuwa mpenda njia za mkato. Sasa nacheka anapojifunza piano, somo moja kila siku, kwa mwalimu ambaye kila mara anamwona mgeni. Foleni ya feri imenitia subira hiyo: nashona kofia ya mkono nikingoja zamu yangu, na ya tatu imebakia kuunganishwa tu.

Mchangiaji wa Majengo:
Yangu ni Hera Pheri, ya Kihindi, ya mwaka 2000. Wapangaji wawili wasio na kitu, pamoja na mwenye nyumba wao Baburao, anayeigizwa na Paresh Rawal, wanapata simu ya mteka nyara iliyokosea njia, nao wanaifikisha kwa mwenyewe wakiwa wameongeza fidia mara mbili. Huitazama na mwenye nyumba wangu, ambaye ni rafiki wa tangu chuoni. Mimi hucheka wapangaji wanapokwepa kulipa, ilhali yeye hunyamaza kimya. Ikifika zamu ya Baburao kulalamika, ndipo yeye anaposhika mbavu nami nikageuka kutafuta maji ya kunywa. Kodi, hata hivyo, aliidai kesho yake kabla ya saa mbili.

Mchangiaji wa Kisauni:
Ndugu zangu mnachimba mno. Mimi nampenda marehemu Mzee Majuto wa Tanga, na humcheka kabla hajatamka neno, kwa namna tu anavyoingia na kutazama watu. Hapo mtasema nina mtazamo gani wa maisha? Mke wangu, kwa upande wake, huipa runinga mgongo akanitazama mimi ninavyocheka, na mwisho wa filamu huwa amecheka kuliko mimi. Huyo naye mwekeni mnapojua.