MREJESHO: Hama ya inchi 6 iliyogoma kwenye granite, Buswelu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini hama ya inchi 6 (nyundo ya kuchimbia inayoshuka shimoni na kupiga mwamba kwa nguvu ya hewa) yenye biti, yaani kichwa kinachovunja mawe, ya milimita 165 inazunguka tu bila kupiga ikifika mita 48 kwenye jabali, huku Buswelu, Mwanza. Asanteni sana wote mliojibu.

Aliyesema tufungue hama kabla ya kulaumu kompresa (mashine inayosukuma hewa) alipatia kabisa. Springi ya valvu ya kuzuia maji na uchafu kurudi ndani ya hama ilikuwa imekatika, hivyo kila hewa ilipofungwa ili kuongeza bomba, maji na unga wa mawe vilipanda hadi kwenye pistoni. Tumeisafisha kwa dizeli, tukaiacha ikauke kabisa (dizeli na hewa ya presha kubwa ni hatari), springi mpya, oili ya hama. Inapiga vizuri.

Kushusha mzunguko kutoka mizunguko 45 hadi 25 kwa dakika nako kumesaidia: mawe yanatoka vipande kama punje za mtama, si vumbi tena.

Kilichoshindikana ni kunoa biti. Vitufe vya katikati (vinundu vigumu vya usoni mwa biti vinavyovunja mwamba) vimerudi kuwa duara, lakini viwili vya pembeni vilishapasuka na kipenyo cha biti kimebaki milimita 161, hivyo shimo ililochimba nalo limekuwa jembamba. Biti mpya ya 165 ukiishusha moja kwa moja kwenye shimo lililobana hivyo, inanasa. Kwa hiyo tunapanua polepole kuanzia pale shimo lilipoanza kubana, bila kuzungusha kinyume hata kidogo, maana bomba zitafunguka na hama itabaki chini.