Leza ya 1064 kwenye chip ya moto: ni chip inalegea ao ni mwangaza?

MwanaPoly_Lshi
Bakubwa jambo. Niko nafanya TFE (kazi ya mwisho ya masomo) hapa Lubumbashi juu ya chip za satelaiti ndogo, prof alinipa matokeo ya leza ya nanomita 1064 kwenye memori moja ya CMOS (aina ya kawaida ya chip za silikoni). Banatafuta nishati ndogo kabisa ya mpigo yenye inaleta lachapu, ile hali chip inajifunga na kuvuta kuranti mpaka ukate umeme. Kutoka 25 °C kwenda 85 iyo nishati, njo kizingiti, inashuka sana, kwa 125 ndio usiseme. Nilitaka kuandika kama joto linafanya chip ikuwe zaifu mbele ya mionzi, lakini prof aliuliza pembeni «unajua namna gani kama ni chip?» Sasa inaweza kuwa nini ingine?

Fundi_Himbi (Goma)
Mudogo, prof ana haki. Lachapu kweli inapenda joto: ndani ya CMOS muko tirista yenye kujificha (swichi yenye ikiwaka haizimike yenyewe), transista zake zinafunguka na volti ndogo zaidi kadiri joto linapanda, karibu milivolti 2 kwa kila digrii, tena rezistansi ya silikoni pale inaongezeka, njo maana kuranti kidogo inatosha kuiwasha. Iyo ni ya chip.

Lakini angalia mwangaza wako. Fotoni (chembe ya mwangaza) ya 1064 iko na nishati ya karibu eV 1,165 na silikoni kwa joto la kawaida inaomba 1,12 ili immeze na kuzaa chaji, yaani inapita mlangoni kwa kujibana. Kwa -55 °C mlango uko karibu 1,14, kwa 125 unashuka karibu 1,10, na mitetemo ya kristali yenye inasaidia fotoni kumezwa inazidi na joto. Kwa hiyo mpigo ule ule unazaa chaji nyingi zaidi ndani ya chip ya moto! Ayoni nzito ya angani, ile mionzi satelaiti inakutana nayo, haiko vile, inatumia karibu eV 3,6 kwa kila jozi ya elektroni na tundu (nafasi yenye elektroni inaacha) na iyo haibadiliki sana.

Kadutu_Elektro
Naongeza namna ya kutenganisha. Kabla ya kutafuta lachapu piga leza na nishati ndogo, upime kuranti ya mwangaza kwenye laini ya umeme kwa kila joto. Kizingiti kikishuka mara mbili na kuranti ikipanda mara mbili, karibu yote ni mwangaza, chenye kinazidi pale njo cha chip. Haiko safi kabisa, juu muda wa kuishi wa chaji nao unabadilika na joto, uandike iyo waziwazi.

MwanaPoly_Lshi
Aksanti sana bayaya. Na kama ningeomba bapime na nanomita 800?

Fundi_Himbi
Pale silikoni inameza sehemu kubwa ndani ya mikromita kumi na kitu, joto halisumbui sana. Shida ni kwamba huwezi kupitia mgongoni bila kusaga chip iwe nyembamba sana, na mbele metali inaziba. 1064 inaingia karibu milimita 1, njo maana tangu mutafiti Habing mu 1965 leza ya aina iyo inatumika kuiga mwali wa gama wenye unapiga chip nzima.

Kadutu_Elektro
Na uulize walipima joto wapi. Kama ni kwenye sahani ya chini, chip yenyewe yenye iko na umeme inaweza kuwa moto zaidi. Kwa upande wa baridi uliza kama walipuliza azoti kavu, bila iyo barafu inakamata kwenye silikoni na kutawanya leza, na utaona kizingiti kinapanda bure.

MwanaPoly_Lshi
Prof ana faili ya kuranti ya laini ya umeme kwa kila joto, kesho namuomba. Nikipata naweka graph hapa.