Babu wa mama mkwe kazaliwa Polandi au Austria? Nimekwama

mkamwana:
Habari zenu jamani, naombeni msaada. Mume wangu ni mzaliwa wa Chicago na ukoo wa mama yake walitoka Polandi. Mama mkwe saivi ana miaka 88 na kumbukumbu imeanza kumpotea, nataka wanangu wajue asili yao ya upande huo wakati yeye bado yupo wa kuwasimulia. Anachokumbuka ni kwamba babu yake aliitwa Albert, alipanda meli Bremen kule Ujerumani, na kwao ni "Dombrova". Sasa nimepata sensa ya 1910 imeandika babu kazaliwa Austria! Halafu nikifungua ramani hizo Dombrova ziko kibao, nashindwa nishike ipi.

mpekuzi:
Ni Mpolandi huyo usiwe na wasiwasi. Kuanzia 1795 mpaka 1918 nchi ya Polandi haikuwepo kwenye ramani, Urusi, Prussia (dola ya Wajerumani) na Austria walishagawana yote, kwahiyo wahamiaji waliandikwa kwa jina la dola iliyowatawala. Sensa hiyo ya 1910 iliuliza na lugha ya mama pia, angalia pembeni ya neno Austria. Na kama ni Austria basi ni Galicia, sehemu ya Polandi iliyochukuliwa na Austria kule kusini, tayari umeshapunguza eneo la kutafuta. Albert nae kwao huenda alikuwa Wojciech, Wapolandi wengi wa jina hilo walijiita Albert walipofika Marekani, na mapadre kwa Kilatini waliandika Adalbertus.

kitabu_cha_ndoa:
Ushauri wangu usikimbilie kuandika barua Polandi, anza na parokia ya Chicago. Mimi nilihangaika miaka miwili na ukoo wa mke wangu, naandika barua huku na kule, kumbe jibu lilikuwa kwenye kitabu cha ndoa cha kanisa walilofungia ndoa hukohuko Marekani. Serikali iliandika "Urusi" basi, ila padre alikuwa Mpolandi mwenzao, akaandika kijiji na parokia ya kila mmoja, wino umefifia lakini unasomeka. Muulize mama babu yake alifunga ndoa kanisa gani, Wapolandi wa Chicago walikuwa na parokia zao kama St. Stanislaus Kostka iliyoanza 1867. Andika na majina ya wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi walikuwa watu wa kijiji kimoja.

mkamwana:
Asanteni sana jamani! Jana nimekaa nae tukashika picha ya harusi ya babu, sikumuuliza kitu nikamwacha aongee tu, mara akasema babu alikuwa akisimulia walivyoenda sokoni Tarnów kwa mkokoteni, usiku bado. Hilo Tarnów hajawahi kulitaja hata siku moja!! Na kanisa analikumbuka, keshokutwa napiga simu.

mpekuzi:
Safi sana. Kuna Dąbrowa Tarnowska, iko kaskazini ya mji wa Tarnów, hukohuko Galicia, na hiyo ą ya Kipolandi hapo inatamkwa kama "om", ndo maana yeye anasema Dombrova. Ila usiikubali mpaka uione kwenye kitabu cha kanisa. Ukikuta kijiji kimeandikwa, nakili herufi kwa herufi hata kama unaona padre kakosea, na mama akianza tena kusimulia washa simu urekodi sauti yake, vile anavyotamka hayo majina hakuna karatasi itakayokupa.